Injini Imewaka, Lakini Kompyuta Si Yake

Mafundi wenzangu, wenye magari mliokuja kusikiliza, nanyi vijana mnaojifunza kazi, asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumzie kubadilisha injini. Kazi hiyo ina mambo mengi, nami nimechagua moja tu, lile linalokumbukwa mwisho, wakati injini imeshafungwa, fedha zimekwisha na mwenye gari anapiga simu kila saa. Ni kompyuta ya injini, ile wengi wetu tunayoiita kontroli boksi.

Mnaijua hali yenyewe. Injini ya zamani imekufa. Imepatikana nyingine ya ukoo uleule, ila ina ujazo tofauti, au ni ya mwaka mwingine, au ina turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa ya ziada, mahali ambapo hapakuwa na turbo. Imekuja peke yake, bila nyaya, bila kompyuta. Fundi anajaribu soketi moja moja, zinaingia. Anazungusha ufunguo, injini inaunguruma, anamgeukia mteja: "Bosi, imekubali." Hapo kazi inahesabiwa imekwisha.

Ndugu zangu, injini kuwaka si ushahidi kwamba kompyuta inaifaa. Kompyuta isiyo yake inaweza kuiwasha, ikaiendesha vizuri gari likiwa limesimama, ikalitembeza siku nzima bila taa yoyote kwenye dashibodi, na bado ikawa inaila injini hiyo kila gari linapopanda mlima na mzigo. Hilo ndilo nililolijia.

Tuanze na jinsi kompyuta inavyofanya kazi, maana kosa lote linatokea hapo. Kompyuta haiioni injini. Inachopata ni umeme kutoka kwenye sensa: krankishafti inayozungushwa na pistoni iko wapi, kamshafti inayofungua valvu iko wapi, hewa inayoingia ni kiasi gani, maji yana joto gani, dereva amekanyaga mafuta kiasi gani. Ikishakusanya hayo inaingia kwenye majedwali yaliyoandikwa kiwandani na kutoa majibu mawili makubwa: nozeli zinazonyunyizia mafuta zifunguke kwa muda gani, na plagi zipige cheche nyuzi ngapi kabla pistoni haijafika juu. Muda huo wa nozeli ni mdogo ajabu. Injini ya petroli ikiwa ya moto na gari limesimama, nozeli nyingi hufunguka kwa milisekunde 2 au 3 tu.

Majedwali hayo yaliandikwa kwa injini moja inayojulikana: ujazo wake, mgandamizo wake, umbo la kamshafti yake, kiasi cha mafuta ambacho nozeli zake hupitisha. Ukiihamishia kompyuta hiyo kwenye injini nyingine haitauliza maswali. Itafanya kama fundi cherehani aliyeachiwa vipimo vya mtu mmoja akaletewa kitambaa cha mwingine: itaendelea kukata.

Kuna makosa yanayojitangaza yenyewe, na hayo hayanipi wasiwasi mkubwa. La kwanza ni gurudumu la meno linalosomwa na sensa ya krankishafti. Injini nyingi za Toyota zina gurudumu lenye nafasi za meno 36 na meno 2 yakiwa yameondolewa. Mifumo mingi ya Bosch hutumia nafasi 60, meno 2 yameondolewa. Ford nyingi zina 36 na limeondolewa 1. Pengo hilo ndilo linaloijulisha kompyuta pistoni zimefika wapi. Kompyuta inayosubiri pengo la aina moja ikiletewa la aina nyingine haipati pa kuanzia. Starta itazunguka mpaka betri ichoke, na cheche hutaiona. Angalau hapo unajua kwamba kuna tatizo.

La pili ni ulinzi wa wizi. Kompyuta nyingi za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 zinataka kutambua chipu iliyo ndani ya ufunguo. Isipoitambua, injini inawaka sekunde moja au mbili kisha inazima, au haiwaki kabisa. Nimeona watu wakibadilisha pampu ya mafuta, filta na plagi kwa dalili hiyo, wakati jibu liko kwenye ufunguo uliobaki kwenye gari lingine.

La tatu linauma zaidi kwa sababu linaunguza. Nozeli ni za aina mbili kwa upinzani wa umeme. Za kawaida zina kama omu 12 hadi 16, na kwenye betri ya volti 12 zinavuta takribani ampea 1. Kuna nyingine, hasa kwenye injini za turbo za zamani, zenye omu 2 au 3, nazo zikiunganishwa moja kwa moja zinaweza kuvuta ampea 4 mpaka 6. Kompyuta iliyotengenezewa aina ya kwanza ikifungwa nozeli za aina ya pili bila rezista zake, transista zinazoendesha nozeli zinapata moto na kufa. Kupima nozeli kwa mita hakumalizi dakika tano. Vijana, pimeni kabla ya kuchomeka soketi, si baada ya kunusa harufu.

Sasa tuje kwenye makosa yasiyojitangaza. Hapa naomba tuende taratibu, tupige na hesabu.

Chukua kompyuta iliyoandikiwa injini ya sisi (cc) 1300, uifunge kwenye injini ya sisi 1500. Tuseme mfumo huo haupimi hewa moja kwa moja, unapima mgandamizo wa hewa kwenye manifoldi ya kuingizia na kukadiria hewa kutokana na ujazo ulioandikwa ndani yake. Kompyuta inaamini kila silinda inavuta hewa ya injini ya 1300, kwa hiyo inatoa mafuta ya 1300. Silinda zimevuta hewa ya 1500. Mafuta yamepungua kwa karibu asilimia 13.

Mbona basi gari linatembea vizuri? Kwa sababu ya sensa ya oksijeni kwenye eksozi. Katika mwendo wa kawaida kompyuta inatafuta uwiano wa sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli, kwa uzito. Sensa inapoona oksijeni imezidi, kompyuta inaongeza mafuta kidogo kidogo mpaka uwiano urudi mahali pake, kisha inaikumbuka nyongeza hiyo kama masahihisho ya muda mrefu. Ili kuziba pengo la asilimia 13, inatakiwa kuongeza kama asilimia 15. Na kompyuta nyingi haziwashi taa ya cheki injini wala kuandika kodi, yaani namba ya hitilafu, ya P0171, ile ya mafuta pungufu, mpaka masahihisho yafike karibu asilimia 20 au 25. Kwa hiyo kosa limo, limezibwa, na taa imezima. Mwenye gari anaamini kazi ni nzuri. Fundi naye anaamini hivyo hivyo.

Halafu dereva anakanyaga mafuta mpaka mwisho. Kwenye mzigo mkubwa kompyuta nyingi za kawaida zinaacha kuifuata sensa ya oksijeni, kwa sababu sensa ya aina hiyo inasema kweli karibu na 14.7 tu. Zinarudi kwenye jedwali na kutoa mafuta mengi makusudi, mara nyingi karibu na uwiano wa 12.5, ili kupata nguvu na kupoza chemba. Ukitoa asilimia 13 kwenye mafuta hayo, uwiano halisi unakuwa kama 14.4. Uwiano huo haumdhuru mtu anayekwenda polepole barabara tambarare. Kwenye mlima, mzigo kamili, mizunguko 5000 kwa dakika, unapandisha joto la moshi, unaleta mgongo, yaani mchanganyiko kulipuka ovyo na kugonga ndani ya silinda, na pistoni zinaanza kuumia. Baadhi ya kompyuta hubeba masahihisho ya muda mrefu mpaka huko kwenye mzigo mkubwa, nyingine hazibebi. Wewe uliyeifunga hujui yako ni ya aina gani, na injini ya mtu si mahali pa kubahatisha.

Wengine mtaniambia: gari langu lina sensa inayopima hewa yenyewe, kwa hiyo tatizo hilo halinihusu. Kwa upande wa mafuta mna hoja, mradi sensa ya hewa na nozeli ni zilezile ambazo kompyuta inazijua. Hewa ikiongezeka, sensa inaona, mafuta yanaongezeka. Lakini cheche nazo zinapangwa kwa jedwali la mzigo, na mzigo huo unatafsiriwa kwa ujazo wa injini ya mwanzo.

Angalieni ndugu wawili wa Toyota, 1NZ-FE na 2NZ-FE. Kipenyo cha silinda ni kilekile, milimita 75. Tofauti iko kwenye safari ya pistoni: milimita 84.7 kwa 1NZ na 73.5 kwa 2NZ. Ndiyo maana moja ina sisi 1497 na nyingine 1298. Ukizisimamisha kando kando, mtu asiyezizoea atasema ni injini moja, na ndiyo sababu kompyuta zake huchanganywa bila mtu kustuka. Ukiweka injini kubwa kwenye kompyuta ya ndogo, kompyuta inaona hewa nyingi kwa kila mzunguko, inadhani injini imebanwa kuliko ilivyo, inachelewesha cheche. Gari linakuwa zito, linakula mafuta, lakini katika sehemu kubwa ya mwendo wake haliumii. Ukigeuza, ukaweka injini ndogo kwenye kompyuta ya kubwa, hali inabadilika kabisa. Injini ndogo imekanyagwa mpaka mwisho, imejaa hewa yote inayoweza kuvuta, lakini kompyuta inasoma kiasi hicho na kusema: mzigo wa wastani huu. Inawahisha cheche. Mgongo unaanza. Kinachobaki kuilinda injini ni sensa ya mgongo peke yake.

Kwa hiyo mtu akikwambia "nilishafunga kompyuta isiyo yake na haikuleta shida," muulize alifunga ipi juu ya ipi.

Na hiyo sensa ya mgongo ina mipaka yake. Sauti ya mgongo inategemea upana wa silinda. Silinda ya milimita 86 hugonga kwenye kilohezi 6.7 hivi, ya milimita 75 karibu na 7.6. Kompyuta imeandikwa kusikiliza sauti za injini yake. Ukiipa injini yenye silinda za upana mwingine, inaweza kuusikia mgongo nusunusu, au kuidhania kelele ya valvu kuwa mgongo na kuchelewesha cheche bure. Kompyuta za zamani zaidi hazina hata waya wa kuipokea sensa hiyo. Soketi inaning'inia pembeni, na fundi anasema haina kazi.

Turbo nitaisema kwa ufupi kwa sababu haina mjadala. Kompyuta ya injini isiyo na turbo inakuja na sensa ya mgandamizo inayoishia karibu na mgandamizo wa hewa ya kawaida, kilopaskali 100 na kidogo. Turbo ikisukuma nusu ya ba (bar), yaani kilopaskali 50, juu ya hapo, hewa imeongezeka karibu nusu, na sensa imebaki pale pale kwenye kikomo chake. Mafuta hayaongezeki, cheche hazirudishwi nyuma, na hakuna wa kukata mafuta mgandamizo ukizidi. Injini ya turbo kwenye kompyuta isiyo ya turbo isitoke gereji, hata kwa kujaribu tu.

Sensa ya joto la maji inadharauliwa sana, nami naomba tuipe heshima yake. Upinzani wake unashuka joto linapopanda. Sensa nyingi za Kijapani na za Bosch zina takribani omu 2500 kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, na kama omu 300 kwenye nyuzi 80. Sensa za Ford nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zina omu 37,000 hivi kwenye nyuzi 20, na karibu 3,800 kwenye nyuzi 80. Sasa fundi ameacha kwenye injini sensa iliyokuja nayo, ameunga nyaya mbili kwenye kompyuta ya ukoo mwingine. Maji yamefika nyuzi 80. Kompyuta inapokea omu 3,800, na kwenye jedwali lake omu hizo ni joto la nyuzi kama 10. Inaamini injini ina baridi, inaendelea kumwaga mafuta ya kuwashia, na kama ndiyo inayoendesha feni, feni haiwaki. Mafuta yaliyozidi yanaosha oili kwenye kuta za silinda, yanashuka kwenye oili ya chini, na kichujio cha moshi kinaungua. Mwenye gari anaambiwa abadilishe plagi. Atabadilisha, na mwezi ujao zitakuwa nyeusi tena.

Gia boksi na mitandao ya gari nitapita juu juu. Kwenye magari mengi kompyuta moja huendesha injini na gia boksi ya otomatiki kwa pamoja. Ukiweka ya gari la manyuo, yaani la gia za mkono, gia hazibadiliki inavyopaswa. Ukiweka ya otomatiki kwenye gari la manyuo, inaitafuta gia boksi isiyokuwepo, inaandika kodi na wakati mwingine inapunguza nguvu makusudi. Magari yanayotumia mtandao wa CAN yana ugumu mwingine: dashibodi, breki za ABS na usukani wa umeme vyote vinasubiri taarifa kutoka kwenye kompyuta ya injini. Nayo pedali ya mafuta ya umeme ina sensa mbili ndani yake. Kompyuta inazilinganisha, na zisipokubaliana namna inavyozijua inalirudisha gari kwenye mwendo wa dharura. Pedali, basi, iende pamoja na kompyuta yake.

Tufanye nini? Kinga iko kwenye kununua. Injini inunuliwe pamoja na kompyuta yake, nyaya zake, sensa ya hewa, throto (mlango wa hewa), pedali, na ufunguo wenye chipu pamoja na kitasa chake. Muuzaji akisema kompyuta imepotea, hiyo ni nusu ya injini, nayo bei ishuke kwa kiasi hicho au utafute nyingine. Wenye magari, hili nawaambia ninyi zaidi kuliko mafundi, kwa sababu ninyi ndio mnaosukuma kazi ianze na injini rahisi iliyo peke yake.

Soma namba iliyo kwenye kibandiko cha kompyuta. Kompyuta nyingi za injini za Toyota zinaanza na 89661, za Honda 37820, za Nissan 23710. Kwa Honda, herufi na namba zinazofuata katikati ndizo zinazokwambia ni ya injini ipi. P28 na P06 ni kompyuta za Civic za kipindi kimoja na kwa nje zinafanana, lakini P28 iliandikiwa injini yenye VTEC, mfumo wa Honda unaobadilisha kamu ili valvu zifunguke zaidi kwenye mizunguko mikubwa, na P06 isiyo na VTEC. Funga P06 kwenye injini yenye VTEC: itawaka, itatembea, na kamu kubwa haitaingia kazini hata siku moja. Atakayelaumiwa ni injini.

Kama kompyuta imeshafungwa na huna hakika nayo, chomeka mashine ya kusoma kodi, uangalie namba zenyewe. Usiishie kwenye kodi. Tazama masahihisho ya muda mrefu, yale yanayoandikwa LTFT. Yakiwa ndani ya asilimia 5 juu au chini, mambo ni mazuri. Yakifika 10 uliza kwa nini. Yakikaa 15 au 18 bila taa kuwaka, hiyo ndiyo hali niliyoieleza, na usimkabidhi mtu gari. Linganisha joto la maji kwenye mashine na joto halisi. Injini ikiwa imelala usiku kucha, joto la maji na joto la hewa inayoingia yanapaswa kukaribiana sana. Kisha pima mchanganyiko kwenye mzigo kamili kwa sensa ya oksijeni ya masafa mapana, kwa sababu ile ya kawaida haiwezi kukueleza kinachotokea huko.

Ikiwa kompyuta sahihi haipatikani kabisa, kuna njia mbili za haki. Moja ni kuandika upya programu ya kompyuta uliyonayo, pale inapokubali, kwa ujazo, nozeli na cheche za injini mpya. Nyingine ni kompyuta ya kujitegemea inayoandikwa kuanzia mwanzo, kama MegaSquirt, Speeduino au Haltech. Zote zinahitaji mtu anayejua kupima na kurekebisha kwa uvumilivu, jedwali kwa jedwali. Kuifunga bila kuirekebisha ni kurudi palepale tulipoanzia.

Na kuna njia moja ninayoipinga waziwazi: kuidanganya kompyuta. Rezista kwenye waya wa sensa ya joto ili iongeze mafuta. Kifaa cha kuigiza sensa ya oksijeni. Balbu ya cheki injini kuchomolewa ili mteja asiione. Kazi ya aina hiyo inamfungia mwenye gari macho wakati injini yake inakufa, na inampa fundi atakayefuata gari linalosema uongo kwenye kila waya. Nimefungua dashibodi za namna hiyo. Unatafuta tatizo moja, unakuta matano yaliyofunikwa kwa tepu.

Ombi langu la mwisho ni kwenu mnaofanya kazi hizi kila siku. Ukimaliza kubadilisha injini, andika kwenye karatasi namba ya injini, namba ya kompyuta, aina ya nozeli na sensa ulizoacha au kubadilisha, na waya wowote uliouhamisha pamoja na rangi yake. Nakala moja mpe mwenye gari aiweke pamoja na kadi ya gari, nyingine ifunike kwa plastiki uibandike chini ya boneti, upande usio na joto la eksozi.